Chumba cha Mwanafunzi Ugenini: Kutoka Sirari hadi Mugumu

Basi litokalo Musoma kwenda Sirari huvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, mahali ambapo mto huo umetandaa ukawa kinamasi cha mafunjo kabla haujaingia Ziwa Victoria. Baada ya daraja barabara huanza kupanda, na abiria waliokuwa wakijipepea hufunga madirisha mmoja baada ya mwingine. Mji wa Tarime uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wa milima hii, walio wengi wao Wakurya, hulima migomba, kahawa na mahindi na kufuga ng'ombe, na asubuhi za Juni na Julai huwaona wamejitanda blanketi mabegani. Kijana atokaye Tanga, Kilwa au Unguja, aliyefungashiwa na mama yake kanzu tatu, shuka mbili na kopo la achari, huteremka stendi akaanza kutetemeka kabla hajauliza njia ya chuo.

Vijana wa namna hiyo si wachache. Tarime kuna chuo cha ualimu, chuo cha maendeleo ya wananchi na shule kongwe ya sekondari ya wavulana. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, kuna chuo cha uuguzi. Juu ya hao wapo watoto wa wilaya hizi hizi ambao shule imekuwa mbali na kwao. Serikali ilipoanzisha mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari mwaka 2004, shule za kata zilienea nchi nzima. Na ada ilipoondolewa katika sekondari za serikali kuanzia Januari 2016, madarasa yalifurika. Mabweni hayakujengwa kwa kasi hiyo. Kata za huku ni pana, vijiji viko mbalimbali, na mtoto wa kidato cha kwanza anayeishi kilomita kumi kutoka shuleni ana njia mbili tu: atembee gizani asubuhi na jioni, au apange chumba karibu na shule. Chumba hicho ndicho vijana wanachokiita geto.

Wazazi Waislamu wanapompeleka mtoto mahali wasipomjua mtu, hutafuta msikiti. Hivyo ndivyo sisi, tuliopewa ukatibu wa kamati ya msikiti katika mji huu, tulivyojikuta na daftari la pili pembeni ya daftari la mapato na matumizi. La pili ni la wageni: jina la mwanafunzi, chuo au shule, simu ya mzazi, jina la mwenye nyumba. Simu nyingi huanza kwa maneno yaleyale. "Ustadh, asalaam alaykum. Kuna mwanangu anakuja huko kwenu. Nakukabidhi." Neno hilo la kukabidhi ni zito kuliko anayelitamka anavyodhani. Amana haiandikwi tu daftarini. Sharti iende ikatazamwe ilipolazwa. Ndiyo maana, baada ya kumalizika Sitta Shawwal, kamati ilitutuma watatu, sisi na mzee mmoja wa jamaa pamoja na mama mmoja kutoka umoja wa akina mama wa msikiti, tuzungukie vyumba wanamolala watoto hawa. Tulianza Tarime mjini, tukaenda Sirari, kisha tukafuata njia ya Nyamongo hadi Mugumu.

Tuseme kwanza geto ni nini, kwa ajili ya mzazi asiyewahi kuliona. Ni chumba kimoja katika safu ya vyumba vinne au sita vinavyotazama ua mmoja. Kina mlango mmoja wa mbao au bati, dirisha moja dogo lenye nondo, na juu bati tupu lisilo na dari. Ndani kuna godoro, ndoo mbili, jiko la mkaa, sufuria, begi la nguo na daftari zilizopangwa juu ya tofali. Choo na bafu viko nje, ni vya wapangaji wote. Wanafunzi wawili, watatu, wakati mwingine wanne, huchanga kodi ya chumba hicho. Wengi wao hawajatimiza miaka kumi na minane, na hakuna mtu mzima anayewauliza walikula nini au walilala saa ngapi.

Katika mambo yote tuliyoyaona, lililotutia hofu kuliko mengine ni jiko la mkaa. Tunaliweka mbele kwa sababu linaua kimya, na kwa sababu baridi ya Tarime humshawishi mtu mwenye akili zake kufanya jambo ambalo pwani asingelifikiria. Mwanafunzi amepika ugali, amekula, makaa bado mekundu. Nje ni baridi. Huliingiza jiko ndani, hufunga mlango, huziba dirisha kwa gunia, kisha hulala akishukuru joto. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohoshi kama moshi wa kuni. Mtu aliyevuta hewa hiyo huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, viungo hulegea, kisha usingizi humchukua. Aliyekwisha lala huenda asipate hata hizo dalili za kumwonya. Wala makaa yaliyofifia si salama. Majivu yanayoonekana yamekufa, huku ndani yake moto ungali hai, huendelea kuitoa hewa hiyo kwa saa nyingi.

Katika nyumba moja nyuma ya soko tulikutana na vijana wawili wa chuo ambao mwaka uliotangulia mwenye nyumba aliwakuta wamelala fofofo muda wa swala ya alfajiri umekwisha pita, jambo lisilo kawaida yao. Mama huyo, ambaye si Mwislamu, alikuwa amezoea kusikia ndoo zao za udhu. Asubuhi ile hakuzisikia. Aligonga, hakujibiwa, akamwita mwanawe wakavunja komeo. Waliwatoa nje wakawalaza barazani hewa ikawapiga, kisha wakawakimbiza hospitali kwa bodaboda. Wote wawili walipona, alhamdulillah. Tulipomshukuru alitujibu kwa sauti ya kutuona wajinga kidogo: "Kwani ningefanyaje, baba zangu? Ni watoto." Tangu siku ile amepiga marufuku jiko kuvuka kizingiti baada ya saa mbili usiku, na kila jioni hupita akihesabu majiko uani kama ahesabuye kuku.

Waislamu hatuhitaji kungoja mafunzo kutoka mbali katika jambo hili. Mtume wetu (rehma na amani zimshukie) alikataza moto kuachwa ukiwaka majumbani watu wanapolala, akaamrisha taa zizimwe usiku, na akamtaja hata panya awezaye kuburuta utambi akawaunguzia watu nyumba. Hadithi hizo zimo katika vitabu sahihi na tunazisoma madrasa. Ila mara nyingi tunazisoma kama adabu za kulala, tukizipita haraka kwenda kwenye dua. Mwanafunzi wa Tarime anapaswa kuzisoma kama maagizo ya chumba chake: jiko hubaki nje, taa ya moto huzimwa, na baridi hutafutiwa dawa nyingine. Dawa yenyewe ni blanketi zito, sweta, soksi na mkeka au boksi lililokunjuliwa chini ya godoro, kwa maana sakafu ya saruji ndiyo inayonyonya joto la mwili. Mzazi wa pwani aongeze blanketi katika begi hata kama itabidi apunguze kanzu.

Kuhusu umeme hatuna mengi ya kusema, ila machache ni ya lazima. Vyumba vingi tulivyoviona vimeunganishwa kwa waya mmoja mwembamba uliopitishwa juu ya kenchi, ukigawiwa kutoka mita moja ya LUKU. Ekstensheni moja inabeba hita ya maji, pasi, simu tatu na redio. Waya ukiguswa ukawa wa moto, umekwisha toa ushahidi wake. Simu isichajiwe kitandani chini ya mto. Hita ya kuchovya kwenye ndoo ichomolewe kabla mkono haujaingia majini. Tena udhu wa maji ya moto una raha yake huku milimani, lakini haraka ya kuuwahi muadhini isimfanye mtu asahau kuchomoa. Umeme ukikatika, mshumaa usisimamishwe karibu na chandarua.

Tunalitaja la mshumaa na chandarua kwa sababu nchi yetu ina makaburi yanayotokana na mambo madogo kama hayo. Mwaka 1994, moto katika shule ya wasichana ya Shauritanga, Rombo, uliwaua wasichana zaidi ya 40. Agosti 2009, wasichana 12 walikufa katika bweni la sekondari ya Idodi, Iringa, na ilielezwa kuwa moto ulianza na mshumaa wa kujisomea. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, watoto 10 walifariki bweni lao lilipoungua katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili. Na kwa majirani zetu wa Kenya, Septemba 2024, wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, katika bweni lililokuwa na watoto zaidi ya 150. Allah awarehemu wote na awape subira wazazi wao.

Misiba hiyo tunaitaja ili mzazi anapokagua mahali pa kulala mtoto wake ajue la kutazama. Wengi hutazama rangi ya ukuta na sura ya mwenye nyumba. Sisi tulijizoeza kuingia, kufunga mlango, kisha kujiuliza: moto ukiwa mlangoni, tutatokea wapi? Katika vyumba vingi jibu lilikuwa hakuna. Nondo zilizochomelewa dirishani kuzuia wezi zinamzuia pia mtu wa ndani. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza nondo zenye bawaba na komeo la ndani, na gharama yake si ya kumshinda mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tuliwaomba wenye nyumba watatu. Mmoja alikubali palepale. Wa pili alisema atafikiri. Wa tatu alituuliza kama msikiti utamlipia mali za wapangaji wezi wakija, na kusema kweli swali lake lina haki ndani yake. Tulimshauri kufuli la ndani na mbwa wa uani, na mzee wa jamaa akacheka kwamba leo Waislamu wanashauri mbwa. Mbwa wa ulinzi, tulimkumbusha, anaruhusiwa.

Jambo jingine linaloweza kuonekana dogo ni ufunguo. Wanafunzi watatu wenye ufunguo mmoja hufunga kufuli kwa nje anapotoka wa mwisho, hata kama mwenzao mgonjwa amelala ndani, ili asisumbuliwe. Tuliukuta mlango mmoja umefungwa hivyo mchana kweupe, na ndani yupo kijana wa kidato cha tatu mwenye homa ya malaria. Alitujibu salamu kupitia dirishani. Hatukuondoka mpaka mwenzake aliporudi na ufunguo, na siku hiyo hiyo tukanunua kitasa cha kufungulia ndani.

Kutoka Tarime hadi Mugumu kwa njia ya Nyamongo, barabara hupita kwenye vilima vya mashamba na kando ya eneo la machimbo ya dhahabu ya North Mara, kisha huteremka na kuvuka Mto Mara. Ni mto ule ule tuliouona umetandaa Kirumi, lakini hapa umo ndani ya kingo zake, wa rangi ya udongo, ukitoka Kenya na kupitia hifadhini. Baada ya mto nchi inafunguka. Vilima vinabaki nyuma, miti inakuwa mifupi, na anga linaonekana kuwa kubwa kuliko ardhi. Nyamongo tulisimama muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Pesa ya dhahabu imepandisha kodi za vyumba, na mwanafunzi hugombea chumba na mchimbaji, dereva na mfanyabiashara. Safu moja ya vyumba yaweza kuwa na baa upande mmoja na watoto wa shule upande wa pili. Mama wa msafara wetu alikaa na wasichana wawili wa sekondari waliopanga mahali pa namna hiyo, akawauliza maswali ambayo sisi wanaume tusingeuliza. Alipotoka alisema neno moja tu: "Hawa wahame." Kabla ya magharibi walikuwa wamehamia kwa familia ya muuza nguo mmoja, mtu wa safu ya kwanza katika swala ya jamaa, mwenye mabinti wa rika lao.

Hapa ndipo tunapotaka wazazi watusikilize vizuri. Mvulana ugenini anahitaji chumba. Msichana ugenini anahitaji watu. Sheria ya nchi ni kali: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini sheria hufika asubuhi, na madhara hutokea usiku. Binti asipange peke yake. Asipangiwe na mtu anayejitolea kulipa kodi bila udugu wowote unaojulikana. Chumba chake kiwe karibu na cha mama mwenye nyumba, choo kisiwe cha kuvuka njia, na mzazi afike mwenyewe kuona kabla ya kutoa pesa. Shuleni na mtaani ajue mtu mzima wa kumweleza. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, ni bure, na kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto. Na ikitokea baya limetokea, mzazi asimfungie mlango. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni.

Katika wilaya hizi mbili kuna sababu nyingine inayomfanya msichana kulala nje ya nyumba yao, nayo hatuwezi kuipita kwa staha ya uongo. Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa, koo nyingi za Wakurya hufanya msimu wa jando, na wasichana hukeketwa ingawa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeharamisha kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Wapo wanaokimbia. Kituo cha Masanga upande wa Tarime huwapokea, na Mugumu kuna Nyumba Salama iliyofunguliwa mwaka 2014, kazi inayoongozwa na Bi. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alipitishwa kwenye kisu hicho akiwa binti. Wengi wa wasichana hao huendelea na shule wakiwa huko, kwa kuwa nyumbani hawana usalama wa kurudi. Kwao nyumba hiyo ni bweni na ni ngome. Waanzilishi wake si wa dini yetu, na hilo halitupunguzii wajibu. Kamati yetu imeandika katika daftari kwamba familia yoyote ya Kiislamu itakayogongewa mlango na msichana wa namna hiyo usiku wa Desemba impokee, impe chakula, imwite mwenyekiti wa kitongoji na polisi, wala isimrudishe kwao kwa kisingizio cha kutoingilia mila za watu.

Mugumu ni mji mdogo, mtulivu kuliko Tarime, na watu wake hukusalimia hata kama hawakujui. Wanafunzi wa uuguzi tuliowatembelea wanaishi vizuri zaidi kuliko wote tuliowaona. Pengine mtu anayejifunza magonjwa huogopa uchafu. Maji huchemshwa na kuwekwa katika ndoo yenye kifuniko na bomba. Chandarua kimechomekwa chini ya godoro. Wamegawana zamu za kupika, na mmoja wao, binti kutoka Kigoma, amechaguliwa kuwa kiongozi wao, kwa kuufuata mwongozo wa Mtume kwamba wasafiri watatu wamteue amiri mmoja. Kazi ya amiri huyo ni kukusanya pesa ya LUKU na kuhakikisha kila aliyetoka jioni amerudi. Tuliuliza kama kuna anayenung'unika. Walicheka wote, jambo lililotuonyesha kwamba wapo.

Walio katika vijiji vinavyopakana na hifadhi wana elimu nyingine ya ziada. Huko tembo huingia mashambani usiku na fisi huzurura karibu na nyumba. Mwanafunzi mcha Mungu anayetaka kuiwahi alfajiri msikitini asitoke peke yake gizani na tochi ya simu. Mahali penye hatari ya namna hiyo ana ruhusa ya kuswali chumbani, na jamaa ya watu wawili ni jamaa. Swali la pili tuliloulizwa mara nyingi ni kama mwanafunzi aliye mbali na kwao aendelee kupunguza swala. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hukamilisha. Basi aliyepanga kwa muhula mzima si msafiri tena. Ni mkazi, na ana haki na wajibu wa mkazi, ukiwemo wa kujulikana kwa mjumbe wa mtaa. Aende na barua ya chuo siku ya kwanza au ya pili. Siku atakayoibiwa au kusingiziwa, mjumbe anayemjua kwa sura atakuwa na thamani kuliko wakili.

Makubaliano na mwenye nyumba yaandikwe, hata kwa nusu karatasi: kodi ni kiasi gani, imelipwa ya miezi mingapi, nani analipa maji na umeme, na notisi ni ya muda gani. Kila pande ibaki na nakala yenye sahihi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ile ya kuandikiana deni, na huku bado tunalipana kodi kwa kupeana mikono. Mwenye nyumba muungwana hachukizwi na karatasi. Anayechukizwa nayo amekuonya mapema.

Tumeacha Sirari mwisho ingawa tulifika huko siku ya pili, kwa sababu Sirari ni mlango wa safari ndefu zaidi. Hapo kuna kituo cha pamoja cha forodha, na hatua chache mbele ni Isebania, Kenya. Watoto wa mkoa huu wamezoea kwenda mbali kwa ajili ya elimu. Mwalimu Nyerere alitoka Butiama mwaka 1934 kwenda kulala bweni Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 akaenda Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 Edinburgh. Leo vijana wetu huvuka kwenda vyuo vya Kisii, Rongo na Narok, na wengine huendelea hadi Uturuki, Misri na Saudi Arabia. Kwa aliye Kisii, ukaribu wa nyumbani humdanganya. Huona ni mwendo wa saa chache tu, akavuka kwa mazoea ya siku ya gulio, bila pasipoti wala kibali cha mwanafunzi kutoka uhamiaji wa Kenya. Siku askari atakapouliza, ukaribu hautamtetea. Nakala za pasipoti, cheti cha kuzaliwa na barua ya chuo ziwe mahali pawili: kwake na kwa mzazi, na picha zake zihifadhiwe katika simu ya ndugu.

Hao waendao mbali wajiandikishe katika ubalozi wa Tanzania siku za mwanzo. Aprili 2023 vita vilipolipuka Khartoum, wanafunzi wetu wengi walikuwa huko, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika ambacho vijana wengi wa madrasa zetu wamekitamani. Waliondolewa kwa mabasi hadi Ethiopia na kutoka hapo wakarudishwa nyumbani kwa ndege. Walioweza kukusanywa haraka ni wale ambao majina na namba zao vilijulikana. Mwanafunzi anayedhani kujiandikisha ubalozini ni urasimu amsikilize mmoja wa waliorudi na begi moja.

Imebaki habari ya kiwanja. Msikiti una kiwanja kilichowekwa wakfu na mzee mmoja marehemu, nyuma ya madrasa, na tulipowasilisha taarifa ya safari yetu, wajumbe kadhaa walisema kwa nguvu: tujenge hosteli ya wanafunzi, vitanda mia, ghorofa mbili. Mama wa msafara alinyamaza hadi wote walipomaliza, kisha akauliza nani atalala humo usiku pamoja na watoto, na kwa mshahara gani. Hakuna aliyekuwa na jibu. Sisi tunaona alisema kweli. Bweni la vitanda mia lisilo na mlezi wa usiku, milango miwili, vizimia moto na mtu anayejua kuipiga namba 114 ni geto kubwa tu, na hatari yake ni kubwa kwa kiasi hicho hicho. Tumependekeza vyumba sita, vya wasichana peke yao, vikitazamana na nyumba ya mlezi na mumewe, jiko likiwa banda la nje, nondo zenye bawaba. Wapo wanaosema huo ni woga. Fundi amekwisha chora ramani mbili, ya mia na ya sita, na kikao cha kuamua ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao baada ya swala. Mzazi mwenye mtoto huku, popote alipo, anaweza kutuma maoni yake kwa imamu wa msikiti wake atufikishie kabla ya siku hiyo.